Asubuhi Moja, Wadai Wawili

Jua la Mwanza halina haraka. Nchi nzima inafuata saa moja, kuanzia Kigoma hadi Dar es Salaam, lakini jua halisomi saa ya ukutani: likishachomoza Dar, Mwanza husubiri dakika ishirini na tano hivi ndipo liifikie. Saa kumi na mbili asubuhi mawe ya Capri Point bado ni vivuli tu. Karibu na saa moja ndipo Jiwe la Bismarck linapoanza kuonekana sawasawa, mitumbwi ya dagaa iliyokesha na taa zake inarejea, na sokoni Mwaloni, kule Kirumba, sauti za wauzaji zinapanda. Baada ya hapo ubaridi haurudi tena. Kufika saa tano jua linachoma. Alasiri, hasa miezi ya mvua, mawingu yanajikusanya juu ya nchi kavu na kuanza kunguruma.

Kwa hiyo mgeni anayefika mwambao wa Ziwa Viktoria akiwa na siku chache za likizo hana siku nzima ya kutumia. Ana asubuhi.

Gofu nayo inaitaka asubuhi hiyohiyo. Mzunguko wa mashimo 18 huchukua saa nne, na kundi la watu wanne wasio na haraka huvuka hapo. Ongeza muda wa kufika, kubadili viatu, kulipa ada ya uwanja na kupangiwa kedi wa kubeba mfuko. Ongeza na kile kinywaji cha baada ya mchezo ambacho wacheza gofu hawakiruki kwa hiari. Anayeanza saa moja uwanja humwachia saa saba mchana. Kufikia wakati huo simba wa Serengeti wamelala chini ya mti, ndege wa kisiwa cha Saanane wamenyamaza, samaki wazuri wa Mwaloni wameshauzwa, na mke au mume asiyecheza amelisoma gazeti la hoteli mpaka matangazo ya zabuni.

Jioni nayo haisaidii sana. Karibu na ikweta giza huingia kwa kishindo; muda kati ya jua kuzama na mtu kushindwa kuuona mpira wake hautoshi hata mashimo mawili.

Hapo ndipo wengi wanaopanga safari ya matembezi nchi za nje wanapokosea hesabu. Huandika gofu kama kitu kimoja katika orodha: mbuga, makumbusho, gofu, ufukwe. Makumbusho yanakubali kutembelewa saa nane mchana. Ufukwe unakubali saa yoyote. Gofu na wanyama pori havikubali, na vyote viwili hupenda saa zilezile za ubaridi. Mtu aliyesafiri maelfu ya kilomita kuja kuiona Afrika, halafu akatoa asubuhi tatu kati ya tano kwa mpira mweupe, atakuwa ameona majani mengi yaliyokatwa vizuri.

Kuna pia suala la mizigo, ambalo vipeperushi vya utalii havipendi kulitaja. Ndege ndogo zinazotua kwenye viwanja vya vumbi vya Serengeti kwa kawaida humruhusu abiria kilo 15, tena ndani ya begi laini linaloweza kusukumizwa nyuma ya viti. Sheria za gofu zinaruhusu fimbo 14. Ziweke zote mfukoni, ongeza mipira, viatu na mwavuli, na uzito wa ruhusa unakuwa umemalizika kabla abiria hajapakia shati. Ndiyo maana wazoefu huja na glavu, viatu na mipira michache, kisha wakakodi fimbo klabuni. Fimbo za kukodi ni kama viatu vya kuazima: zinabana mahali usipotarajia, lakini zinafika.

Mwanza yenyewe haina jina katika gofu. Majina yanayosikika kila mashindano ya Tanzania yanapotangazwa ni Gymkhana na Lugalo za Dar es Salaam, Gymkhana ya Arusha, Kili Golf ya Usa River, Moshi Klabu na TPC mkoani Kilimanjaro, Gymkhana ya Morogoro, Mufindi kwenye mashamba ya chai, na Sea Cliff ya Zanzibar. Jiji la pili kwa ukubwa nchini halimo katika orodha hiyo. Lina soka, lina ngoma, lina mashindano ya mitumbwi. Gofu, hapana.

Lakini chukua ramani na rula. Chora mstari ulionyooka kutoka Mwanza hadi Arusha: ni zaidi ya kilomita 400. Sasa chora mwingine kutoka Mwanza hadi Entebbe, Uganda: haufiki 300. Mkazi wa Mwanza anayetaka kucheza gofu yuko karibu zaidi na Entebbe kuliko na jiji la Arusha, na kati yake na uwanja wa huko karibu kote ni maji matupu. Kwake yeye, safari ya nje ya nchi yenye gofu ndani yake haianzii London wala Dubai. Inaanzia ng'ambo ya ziwa.

Kwamba upande wa kaskazini una viwanja na wa kusini hauna ni jambo lenye historia. Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence. Mwaka huohuo Entebbe, makao ya utawala wa Waingereza nchini Uganda, ulianzishwa uwanja wa gofu unaotajwa kuwa wa kwanza Afrika Mashariki. Bustani ya mimea ya mji huo ilikuwa imeanzishwa miaka mitatu tu kabla, 1898. Kwa afisa wa kikoloni wa enzi hizo mji haukukamilika bila bustani, klabu na nyasi fupi za kupigia mpira. Mwanza wakati huo ilikuwa chini ya Wajerumani, waliojenga kituo chao hapo mwaka 1892; wao walipenda ngome, na waliliachia jiwe la ziwani jina la kansela wao. Reli kutoka Tabora iliifikia Mwanza mwaka 1928, Mwingereza akiwa ameshachukua Tanganyika. Miaka ishirini na saba ya kuchelewa ni mingi katika maisha ya mji.

Waskoti, wenye mchezo wao, waliacha alama nyingine ziwani. Meli ya MV Victoria ilitengenezwa na kampuni ya Yarrow ya Glasgow, ikasafirishwa vipandevipande, ikaunganishwa Kisumu mwaka 1960 na kuanza kazi mwaka uliofuata chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Abiria wa siku hizo aliweza kulizunguka ziwa zima kwa maji: Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, mpaka bandari za Uganda. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, mali zikagawanywa, na MV Victoria ikabaki Tanzania. Baada ya miaka ya kulala gatini ilifanyiwa matengenezo makubwa na kurudi majini mwaka 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu, ikiunganisha Mwanza na Bukoba. Ule mzunguko wa ziwa zima ulibaki kwenye kumbukumbu za wazee.

Leo anayetoka Mwanza kwenda kucheza ng'ambo ana njia mbili, na zote mbili zina mengi zaidi ya kutazama kuliko anavyodhani.

Ya kwanza ni ya mashariki: Magu, Bunda, Sirari, kisha Kenya mpaka Kisumu, siku nzima ndani ya basi. Njiani kuna Bujora, karibu na Kisesa, ambako Padri David Clement alisimamia ujenzi wa kanisa na makumbusho ya Wasukuma, yenye ngoma za kifalme na habari za vyama vya Bagika na Bagalu, mahasimu wa ngoma ambao kila Juni hukutana kwenye sherehe za Bulabo. Mbele zaidi, barabara hiyohiyo ya lami inapita kwenye lango la Ndabaka, mlango wa magharibi wa Serengeti. Basi halisimami, lakini gari la kukodi linaweza.

Kisumu ndiko kulikozaliwa kanuni ya gofu iliyozunguka dunia nzima. Klabu ya Nyanza, katika miaka ya ukoloni, iliandika kwamba mpira ukitua karibu mno na kiboko au mamba, mchezaji ana ruhusa ya kudondosha mwingine bila kujihatarisha. Wazungu walioko Ulaya waliichukulia kama kichekesho na wanaendelea kuiandika kwenye vitabu vya mizaha. Mtu aliyekulia Nyanza, Mara au Ukerewe hacheki. Kiboko hutoka majini usiku kula majani, na majani ya gofu, mafupi, laini na yenye unyevu, ni karamu. Anarudi ziwani alfajiri, saa ileile ambayo kundi la kwanza la wachezaji linafika shimo la kwanza. Nani ana haki ya njia? Klabu ilijibu kwa busara. Sheria rasmi za gofu zilizoanza kutumika 2019 nazo zina kifungu cha mnyama hatari, namba 16.2, kinachompa mchezaji nafuu bila adhabu pale nyoka, nyuki au mnyama wa kudhuru anapokaa karibu na mpira wake. Kilichochekwa kikawa sheria ya dunia.

Ndugu wa kanuni hiyo anasimuliwa Jinja, Uganda, ambako klabu ya mashimo tisa iko karibu na mahali Mto Naili unapoliacha ziwa. Kule ruhusa ilihusu nyayo: mpira ukizama kwenye alama ya mguu wa kiboko, uinue, uuweke pembeni, endelea. Anayecheza Jinja leo ana bahati ya kuwa na utalii hatua chache kutoka kwenye gofu. John Hanning Speke, aliyeliona ziwa kwa mara ya kwanza akiwa upande wa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, alilazimika kungoja mpaka 28 Julai 1862 kuyaona maporomoko ya Ripon. Maporomoko yenyewe hayapo tena. Yalizamishwa na bwawa la Owen lililofunguliwa 1954. Sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilimwagwa hapo mwaka 1948, na sanamu yake ipo. Mashimo tisa huchukua saa mbili. Kuna muda wa kupanda boti, kuuona mkondo wa maji, kula samaki na kubaki na alasiri nzima mkononi.

Mashimo tisa: hiyo ndiyo dawa ambayo viwanja vya ziwa vinaitoa na ambayo wasafiri wengi hawaithamini. Fikra kwamba gofu ni 18 au si gofu ilitoka St Andrews, Scotland, ambako mwaka 1764 uwanja wa kale ulipunguzwa kutoka mashimo 22 hadi 18, na dunia ikaiga. Hakuna aliyeandika kwamba likizo lazima iige pia. Nyanza ni tisa, Jinja ni tisa, na hata mwenye 18 hukubali mtu alipie nusu. Anayecheza tisa saa moja asubuhi huwa amekwisha oga saa nne.

Njia ya pili kutoka Mwanza ni ya magharibi. Meli ya usiku hadi Bukoba, kisha barabara ya Mutukula, Masaka na Kampala. Usiku ule majini unastahili utulivu. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, ikaondoka na zaidi ya watu 800. Makaburi yao yako Igoma, na mgeni anayetaka kulielewa jiji hili anafanya vyema kufika pale kabla ya kupiga picha za machweo. Baada ya Masaka, pale Kayabwe, kuna alama ya ikweta kando ya barabara, na kila basi la watalii husimama. Msukuma aliyetoka kusini anaingia upande wa kaskazini wa dunia kwa hatua moja, bila ndege.

Halafu Entebbe. Kama kuna mji mmoja Afrika Mashariki uliojengwa kwa ajili ya kuchanganya gofu na matembezi, ni huu, ingawa waliouweka hawakuwa na nia hiyo. Uwanja wa mashimo 18 unashuka kuelekea ziwani. Bustani ya mimea na kituo cha wanyama vimo katika mji huohuo mdogo, mwendo wa bodaboda. Kisiwa cha Ngamba, kilichofanywa makazi ya sokwe yatima tangu 1998, kiko safari ya boti tu. Na uwanja wa ndege wa kimataifa uko kilomita chache. Hapa ndipo penye siri ambayo wasafiri wazoefu huitumia: gofu isipewe siku ya katikati ya safari, ipewe siku za pembeni. Siku ya kuondoka, kwa mfano, ambayo kwa kawaida huoza hotelini mtu akisubiri ndege ya saa tatu usiku. Siku hiyo haina simba wa kupotezwa. Upe uwanja asubuhi yake, mpe mwenzi wako asiyecheza bustani, mkutane mezani kwa chakula cha mchana.

Kati ya Entebbe na Kampala, Kigo, kuna uwanja wa hoteli ya Serena, wenye mashimo 18 yanayopakana na maji kwa karibu kabisa. Ni mzuri, ni wa gharama, na mipira mingi huishia ziwani.

Ikiishia ziwani, iache. Hili linahitaji kusemwa bila mzaha. Maji ya kina kifupi yenye majani kando ya Ziwa Viktoria ni makazi ya konokono wabebao vimelea vya kichocho, na mtu anayevua viatu kuutafuta mpira wa dola chache anaweza kurudi Ulaya, au Mwanza, na ugonjwa utakaomsumbua baadaye. Mamba nao wapo. Mpira mmoja hauna thamani hiyo, hata uwe mpya.

Radi ni jambo lingine la ziwani. Mchana, hewa ya baridi ya ziwa husukuma mvuke kuelekea nchi kavu na mawingu hupanda haraka. Usiku mwelekeo unageuka na ngurumo zinahamia majini. Eneo hili ni miongoni mwa yanayopigwa na radi mara nyingi zaidi duniani. Mtu aliyesimama peke yake uwandani, akiinua fimbo ya chuma, ni shabaha. King'ora cha klabu kikilia, heshima ya alama zako iweke kando.

Inafaa kuzungumzia makedi, maana wao ndio sehemu ya gofu iliyo karibu zaidi na utalii wa kweli. Mgeni akikaa kwenye gari la safari huuona mji kupitia kioo. Akitembea saa mbili na kedi, anatembea na mtu wa mji. Kedi anajua mwinuko wa grini unavyodanganya, anajua upepo wa ziwa unabadilika saa ngapi, na anajua pia bei ya sato sokoni wiki hii na kwa nini barabara fulani imefungwa. Wengi kati ya wachezaji wa kulipwa wa Kenya, Uganda na Tanzania walianzia kwenye kazi hiyo, wakijifunza kwa fimbo za kuokota. Mgeni anayekodi kigari cha umeme ili aokoe muda amejinyima kitu pekee ambacho uwanja huu ungempa na ule wa nyumbani kwao usingeweza. Bakshishi nayo isisahaulike. Kwa makedi wengi ndiyo mshahara.

Klabu hizi bado zina adabu za zamani. Shati la kola, hakuna jinzi, viatu sahihi. Barua ya utambulisho kutoka klabu ya nyumbani na kumbukumbu ya handikapu hufungua milango, na tangu 2020 mfumo wa handikapu ni mmoja duniani, hivyo namba ya Lugalo inaeleweka Entebbe na inaeleweka Lisbon. Jumamosi na Jumapili ni siku za wanachama na mashindano. Mgeni anayejitokeza bila taarifa atakaa barazani. Jumanne asubuhi atakaribishwa kwa mikono miwili.

Kwa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mpaka si mzigo: hati ya kusafiria, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, basi. Mgeni wa mbali ajue kwamba viza ya pamoja ya utalii inayouzwa na Kenya, Uganda na Rwanda haihusu Tanzania. Anayetaka kulizunguka ziwa atahitaji mbili.

Na mgeni huyo akifika Mwanza, afanye nini na fimbo zake? Aziache stoo ya hoteli. Mwanza ndiyo siku ya kupumzika katika ratiba ya mcheza gofu, na ni heri iwe hivyo. Asubuhi avuke kwa boti kwenda Saanane, kisiwa kilichopewa jina la Mzee Saanane aliyekuwa akiishi pale kabla hakijafanywa bustani ya wanyama miaka ya 1960, na ambacho tangu 2013 ni hifadhi ya taifa katikati ya jiji. Pimbi wanaota jua juu ya mawe, swala pala wanakula majani, na ng'ambo yake mabasi yanapiga honi. Mchana avuke daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, kilomita tatu juu ya ghuba ambayo watu waliivuka kwa kivuko na kusubiri foleni kwa miaka mingi. Akiwa na siku zaidi, kuna Rubondo, kisiwa cha misitu ambako sokwe walioletwa kutoka Ulaya waliachiwa huru miaka ya 1960 kwa juhudi za Bernhard Grzimek. Mambo hayo hayana mbadala wake Ulaya. Grini zipo kila mahali.

Ndiyo maana mradi wa Fort Ikoma unaleta mawazo mawili. Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, limeanza kujenga uwanja wa mashimo 18 huko, karibu na ngome ya Wajerumani, mlangoni mwa Serengeti upande wa Mara. Hoja yake ni ya kibiashara na inaeleweka: mcheza gofu hutumia fedha nyingi, hukaa siku nyingi, na mchana wenye joto Serengeti huwa mtupu kwa mgeni wa kawaida. Kama uwanja utamfanya alale usiku mmoja zaidi, wilaya inafaidika. Lakini joto lile linalomfanya simba alale halitamfurahisha mchezaji pia, na asubuhi, ile asubuhi moja, itagombewa vilevile. Maji ya kunyweshea nyasi katika nchi ya kiangazi lazima yatoke mahali. Mbolea nazo hutiririka mpaka mtoni, na mito ya magharibi ya Serengeti humwaga ziwani, ambako magugu maji tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 yameonyesha yanavyopenda kulishwa. Mradi unaweza kuwa mzuri. Hesabu ya maji ndiyo itakayoamua, kuliko picha za ufunguzi.

Jambo moja la St Andrews lingefaa kuigwa na Fort Ikoma, na hata na Mwanza siku ikitaka uwanja wake. Uwanja ule wa kale, unaotafutwa na wachezaji wa dunia nzima kiasi kwamba nafasi hutolewa kwa bahati nasibu, kwa kawaida hauchezwi gofu Jumapili. Siku hiyo ni bustani ya mji. Wenyeji hutembeza mbwa, watoto hukimbia kwenye nyasi, watalii wasiojua kushika fimbo hupiga picha kwenye daraja dogo la mawe. Ardhi ni ya umma, na siku moja kwa wiki mchezo unakumbushwa hivyo. Kijana wa kijiji jirani cha Robanda akiruhusiwa kutembea Fort Ikoma Jumapili, bila kuulizwa kadi ya uanachama, gofu itapunguza sifa ya kuwa mchezo wa wakubwa.

Mengine yako mikononi mwa wenye meli. MV Mwanza, iliyojengwa jijini hapo kubeba abiria 1,200 na mizigo tani 400, tangu mwanzo ilipangwa ihudumie pia bandari za nchi jirani. Wanaopanga ratiba yake wangeipa safari za Port Bell nchini Uganda na Kisumu zenye siku zisizobadilika, tiketi zinunuliwe kwa simu, na maofisa wa uhamiaji wakae gatini hapohapo. Mtalii hawezi kupanga likizo kwa meli inayoondoka ikijaa. Mkazi wa Mwanza naye, mwenye fimbo au asiye nazo, angeweza kulala majini Alhamisi na kuamka Uganda Ijumaa, na Jumatatu awe kazini.